Umepewa kinyago? Kaa hapa nikwambie

Jumamosi jioni nilikuwa nasahihisha madaftari ya la sita, simu ikalia. Ujumbe unatoka kwa mwalimu wa taaluma wa shule moja ya msingi ya serikali, halmashauri yetu hiihii. "Ticha, jana kwenye kikao cha tathmini tumepewa kile kinyago. Mwalimu mkuu amegoma kukibeba, nimekibeba mimi. Nyie mlichomokaje? Na hiki kitu tukiweke wapi?"

Nikaweka kalamu chini. Uzito wa kinyago kile naujua.

Kwa wasiojua: ni mzee wa mti, amekaa, ameshika tama. Shule iliyoburuza mkia darasa la saba inakabidhiwa, inakaa nacho mwaka mzima, inakirudisha kikao kinachofuata apewe mwingine. Sisi kilitufikia Februari 2023, kwa matokeo ya 2022. Ukumbi umejaa, majina ya shule yanateremka ukutani kwa projekta, na mimi natafuta letu kuanzia katikati, kisha chini, kisha chini kabisa. Walioongoza waliitwa wakapewa vyeti na bahasha. Tukaitwa sisi. Makofi tulipigiwa, yale ya msibani. Nimerudi nacho kwa bodaboda, nimekipakata katikati yangu na dereva, na dereva ananiuliza, "Mwalimu, huyo mganga wako anakaa wapi?" Sikumjibu. Mpaka leo nikimwona stendi napanda pikipiki nyingine.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja tu nyuma, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilikuwa limetangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora. Taifa linaacha kupanga foleni, sisi huku chini tunachonga vinyago. Najua wapo walioonja makubwa zaidi. Februari 2009 kule Bukoba mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wacharazwe viboko na polisi, mojawapo ya sababu ikiwa matokeo mabaya, na ukuu wa wilaya ukamtoka. Sasa mimi niliyepewa sanamu nishukuru? Hapana. Inauma tu.

Na hakuna aliyeuliza wale watoto walikuwa akina nani. Hao ndio walioandikishwa darasa la kwanza 2016, mwaka ule elimu bila malipo ilipoanza. Nchi nzima waliofanya mtihani 2022 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Kwetu waliingia mkondo mmoja, watoto 140 na ushee, mwalimu mmoja, wengine wamekaa sakafuni mpaka la tatu. Hapo unamfundisha nani kusoma? Unaimba nao a-e-i-o-u, wa mbele wanaitika, wa nyuma wanachezesha midomo.

Haya, tulichomokaje. Mara ya kwanza tulichomoka kwa ujanja, na hili sijawahi kulisema hadharani.

Anayefaulu ni mwenye wastani wa A, B au C. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na C inaanzia 121. Baada ya mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, nikachukua orodha, nikapiga mstari kwenye 121, nikawatoa watoto wote wa kati ya 95 na 125. Tukawaita "wa mpakani". Hao wakapigwa kambi: uji asubuhi, vipindi mpaka saa mbili usiku, maswali ya miaka iliyopita, kusiliba vile viduara vya karatasi ya majibu kwa penseli ya HB mpaka vidole vinaota sugu. Walio juu tuliwaacha, watafaulu wenyewe. Walio chini tuliwapa mwalimu wa kujitolea na kazi ya kunakili notsi. Wengine walifagia uwanja. Nasema kwa sababu mimi ndiye niliyewapangia.

Matokeo ya 2023 yalipotoka tukapanda ngazi zaidi ya arobaini kwenye halmashauri. Mwalimu mkuu alicheza ofisini bila muziki. Tukala pilau, kinyago kikaenda kwa wengine, nikaweka matokeo kwenye stetasi ya WhatsApp siku tatu mfululizo.

Mwezi wa tatu nikakutana gulioni na mama wa mmoja wa wale wa mpakani. Nikajua ananishukuru. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu anasema kule kidato cha kwanza anakaa tu, hasikii kitu." Nikaenda kufungua karatasi ya matokeo. Kiswahili B, Uraia C, Maarifa C, Sayansi C, Hisabati D, English E. Wastani C. Amefaulu. Amefaulu kwenda kusoma masomo karibu yote kwa lugha aliyopata E. Na mimi nilikuwa nimeshakula pilau lake.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza: wastani wa shule usiuangalie kwanza. Najua afisa elimu atauangalia, mratibu wa kata atakupigia simu kwa ajili yake. Wewe funga mlango, chapisha karatasi yote, uhesabu E na D za kila somo kwa mkono wako. Taifa nalo ni hivyohivyo. Mwaka 2012 waliofaulu walikuwa asilimia 30.72, mwaka 2024 wakawa 80.87, na tunashangilia. Ukishuka kwenye Hisabati na Kiingereza unapunguza sauti.

Ushauri wa pili: wasomeshe kwa sauti, mmoja mmoja. Sisemi darasa zima liitikie. Mmoja, dawatini kwako, aya moja.

Nilianza hivyo mwaka huohuo wa 2024, na la saba wapya. Kulikuwa na binti wa dawati la nyuma, Hisabati anapata 8 kati ya 50, kila mwalimu ameshamkatia tamaa. Nikampa swali: mama ameuza trei 2 za mayai na mayai 17, kila yai shilingi 500, trei ina mayai 30, amepata shilingi ngapi? Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. "Ma… ma…" Kwenye "trei" akakwama kabisa, jasho linamtoka puani. Nikalichukua karatasi, nikamsomea mimi. Sijafika alama ya kuuliza, akasema, "Elfu thelathini na nane na mia tano."

Mama yake anauza mayai ya kuchemsha stendi. Yule mtoto hesabu anazijua kuniliko mimi. Miaka saba tumempa sifuri ya Hisabati kwa kosa la Kiswahili, na hilo kosa ni letu.

Tangu hapo dakika ishirini kabla ya mstarini ni za kusoma, shule nzima, mpaka mpishi anasikiliza watoto wawili. Wa la saba wasiojua tuliwarudisha kwenye vitabu vya la pili bila kuwacheka, na aliyecheka tulimpa kazi ya kumfundisha aliyemcheka. Miezi ya katikati nairuka, haikuwa na la maana zaidi ya kurudia yaleyale na kugombania chaki. Mwaka wa kwanza tulishuka nafasi tatu. Mwaka wa pili tukaingia kumi bora ya halmashauri, shule ya serikali, isiyo na umeme vyumba vinne. Mtanisamehe, hilo nitalisema popote nitakapopewa kipaza sauti.

Ushauri wa tatu ni uleule wa pili. Wasomeshe. Anza na la tatu na la nne, maana kwa mtaala mpya msingi inakuwa miaka sita, na 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja na hutapata muda wa kumshika mmoja mmoja. Na wewe mzazi unayekuja shuleni siku ya matokeo tu umevaa suti, mpe mtoto gazeti lililofungia vitumbua akusomee, kisha ndiyo uje utufokee. Walimu wakuu nanyi mwacheni mwalimu wa darasa la kwanza pale alipo. Kila mwaka mkipata mwalimu mzuri mnamkimbizia la saba.

Umeniuliza pia mkiweke wapi. Sisi tulikiweka juu ya kabati la vitabu, tukawa tunakitundikia funguo za stoo. Utaona sikio la kushoto limemeguka kidogo. Hilo ni letu, lilivunjika kwenye ile bodaboda. Wakikuuliza siku ya kurudisha, nitaje mimi.