Bwawa langu halina samaki, sababu ni kereng'ende

Wiki hii mmeuliza kama bwawa dogo bustanini ni urembo au ni kufuga mbu tu. Mi nina mawili na swali limenigusa kwelikweli, maana kila mgeni akifika anauliza hilohilo, na jibu langu siku zote ni kumwonyesha kereng'ende.

Watu wanawajua wale wa juu, madume yanavyofukuzana juu ya maji kila moja likilinda eneo lake. Lakini sehemu kubwa ya maisha yao iko chini humo. Mtoto wake anakaa majini miezi, wengine hata miaka, anakula viluwiluwi vya mbu, anavidaka kwa mdomo wa chini unaofyatuka kama mkono. Ndo maana sikuweka samaki, wangewamaliza hao watoto.

Sasa kuna alfajiri moja mwanangu akaniita niende na tochi. Kuna mdudu wa kahawia kapanda bua la tete, katulia tu. Mgongo ukapasuka, kikatoka kichwa, kifua, miguu, halafu akaning'inia kichwa chini, kimya, karibu nusu saa nzima. "Mama, amekufa?" Nikamwambia subiri, na mi mwenyewe roho juu maana ndo naona kwa mara ya kwanza. Mara akajikunja kwenda juu, akalishika ganda lake mwenyewe, akachomoa mkia uliokuwa umebaki ndani, na mabawa yalikuwa vipande vidogo vimekunjamana kama karatasi iliyoloa, yakawa yanajaa polepole mpaka yakanyooka yote manne, yanang'aa yaani. Chai haikupikwa. Jua lilipopanda akayatetemesha, akaruka akapotelea mitini. Ganda tunalo hadi leo kwenye kiboksi cha kibiriti, ndani lina nyuzi nyeupe, ni mabaki ya mirija yake ya kupumulia, na mwanangu hataki mtu aliguse.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia chimbeni wote na samaki msiweke. Ila ukweli mbu kwangu wamepungua, hawajaisha. Kereng'ende wengi huwinda mchana, na mbu wanaotusumbua sisi wanatoka jioni na usiku. Kwa hiyo kama shida yako ni mbu, weka samaki, nao wanakula viluwiluwi, usimsikilize mtu. Hata mi lile bwawa la karibu na dirisha la watoto nitaweka, wachache. Lile la matete hapana.