Mwanangu, kuhusu ile SACCOS ya ofisini kwenu

Mwanangu Elia,

Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, na swali lako si la kujibiwa harakaharaka. Ulisema wenzako kazini wanakushawishi ujiunge na SACCOS, yaani chama chao cha kuweka akiba na kukopa, nawe unasita kwa sababu unakumbuka tulivyokuwa tukisubiri malipo ya kahawa mpaka mnarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. "Mama, ushirika uliwafanyia nini hasa?"

Kucheleweshewa ni kweli. Mwaka ulioingia kidato cha kwanza tuliuza ndama kwa bei ya kutupa, na kahawa yetu ilikuwa imeshapimwa chamani miezi minne kabla. Bado inaniuma.

Lakini wewe ulikikuta chama kimechoka. Wakulima wa mlimani Kilimanjaro walianza kujiunga mwaka 1925, wakiongozwa na Joseph Merinyo, wakati walowezi hawataki kabisa Mwafrika alime kahawa. Walianza kwa kutetea haki ya kupanda mti kwenye kihamba, shamba la ukoo, chao wenyewe. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaja mwaka 1933: kila mahali na chama chake cha msingi, kahawa inauzwa kwa pamoja. Mtu mwenye miche hamsini katikati ya migomba, ambaye peke yake asingepata hata wa kumsalimia mnadani, akawa na sauti. Sehemu ya fedha ikarudi mlimani ikawa madarasa na ada za vijana waliopelekwa masomoni.

Haikuwa asali tupu. Mwaka 1937 watu waliinuka kwa hasira, kwa sababu walilazimishwa kuuza kupitia huko huko. Na mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vyote vikuu vya ushirika, mazao yakawa chini ya mamlaka za serikali. Nilikuwa msichana. Babu yako, baba yangu, hakuuliza habari ya bei. Aliuliza, "Sasa mkutano wetu utakuwa lini?" Hakuna aliyemjibu. Kadi yake ya uanachama aliiweka ndani ya Biblia, ikakaa humo mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipofungua mlango tena.

Sasa nikwambie kilichonifundisha mimi. Miaka ya tisini wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, walikuja na gari mpaka barazani, fedha mkononi, bei imepita kidogo ile ya chama. Tuliwauzia. Baba yako aliwapa magunia yote, nami nilifurahi. Msimu uliofuata mzani wa chama ulikaa bure, karani akarudi kwake. Msimu wa tatu bwana yule yule akataja bei ambayo nilidhani nimesikia vibaya. Baba yako akamwambia basi, tutapeleka chamani. Yule bwana akageuka akalitazama ghala, lina kufuli, nyasi zimeota mlangoni. Hakusema neno. Alisubiri tu, na tukamwuzia.

Mwanangu, ile bei nzuri ya mwanzo hatukuipata kwa wema wake. Ni mzani wa chama uliomlazimisha, hata siku ambazo hatukuutumia.

Unaniambia viongozi wa ushirika ni wezi. Wako, nimewaona. Lakini mkumbuke bibi yako mzaa baba. Alirithi kadi ya marehemu mumewe, na hakujua kusoma. Karani alipotaja kilo kwa sauti, yeye alikuwa akitenga punje za maharage, moja kwa kila kilo, anazifunga kwenye pindo la khanga. Nyumbani anazimimina kwenye kibuyu. Kwenye mkutano mkuu waliposoma hesabu, jina lake likatajwa na kilo 187. Akainuka, akaenda mbele, akamwaga maharage mezani akawaambia wahesabu. Walihesabu mbele ya watu wote: 212. Vitabu vikafunguliwa, ikaonekana hakuibiwa yeye peke yake. Karani yule hakumaliza mwezi.

Mwambie mnunuzi wa barabarani akufungulie vitabu vyake uone. Bibi yako aliweza kwa sababu kile kilikuwa chama chake: kura yake moja ilikuwa sawa na ya mwenye shamba kubwa kuliko wote. Kwa mwanamke mjane wa mlimani, siku zile, sijui ni mahali gani pengine angesimama hivyo akasikilizwa na wanaume.

Kwa hiyo jiunge, lakini si kwa kukatwa mshahara tu na kungoja gawio. Uliza kama wana leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Uliza COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, walikagua hesabu lini na walisema nini. Tazama wajumbe wa bodi wamekopa kiasi gani, na kama wanarejesha. Kabla hujamdhamini mtu mkopo, fahamu kwamba akishindwa utalipa wewe. Na mkutano mkuu uende, hata kama ni Jumamosi na umechoka.

Ukija Krismasi, njoo na masharti yao na hesabu za mwaka jana. Baba yako ameshatafuta miwani. Kile kibuyu bado kiko juu ya dari la jikoni, nitakutolea.

Mama yako.