Jibu: Jina la bibi Mgiriki halionekani kwenye orodha za meli

Habari ndugu. Umesema unaandika wasifu wa jirani yako Mgiriki wa Astoria, New York, aliyewapikia wagonjwa miaka mingi, ila jina lake hulipati kwenye orodha za abiria wa meli zilizoleta wahamiaji. Anza na jina la ukoo: kwa mfano, mke au binti wa Papadopoulos, kwa Kigiriki huandikwa Papadopoulou. Mimi nilihangaika wiki nzima kabla ya kubadilisha herufi hizo za mwisho.

Kisha nenda parokiani kwake, uwaulize akina mama wa Philoptochos, yaani "rafiki wa maskini", chama cha hisani cha wanawake wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki kilichoanzishwa 1931. Daftari zao zilinifunza mengi kuliko karatasi za serikali: nani alipelekewa chakula, nani alichangiwa mazishi. Zipige picha mapema, wazee wanaoweza kuzisoma wanapungua.