Wanangu wawili wamekufa, huyu ninayembeba nimpimeje?

SWALI: Salaam sana, Sista. Nilizaa wavulana wawili, hakuna aliyefikisha mwaka. Utando mweupe mdomoni usioisha, kuhara, nimonia juu ya nimonia. Walipimwa VVU, hawakuwa navyo. Wajomba zangu wawili pia walikufa wachanga. Wakwe wanasema ukoo wetu una laana. Sasa nina mimba ya miezi saba. Nasikia Marekani kila mtoto hupimwa kinga. Na sisi? – Mama wa Arua

JIBU: Mwanangu, pole sana. Laana haipo hapo. Wavulana kufa hivyo upande wa mama kunanifanya nishuku upungufu mkubwa wa kinga wa kurithi. Mama huwa mzima, lakini kila mvulana anayemzaa huweza kuupata, nusu kwa nusu.

Marekani humchoma mtoto kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi, maabara ikaangalia kama mwili unatengeneza seli T za kinga. Jimbo la Wisconsin lilianza 2008. Kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote yalikuwa yanapima. Mtoto mwenye upungufu huu akipandikizwa uboho kabla ya miezi mitatu na nusu, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona.

Uganda hatumpimi kila mtoto, na inaniuma, maana karatasi ni ileile! Watoto wa akina mama wenye VVU tunawachoma kisigino, tunasubiri vile viduara vya damu vikauke na kugeuka rangi ya kahawia, kisha vinapelekwa maabara Kampala.

Wewe usingoje. Nenda kliniki wiki hii, umweleze mkunga vifo vyote, wajomba nao, na aandike kwenye kadi yako: mtoto asipewe BCG (chanjo ya kifua kikuu) wala matone ya polio mpaka daktari wa watoto aruhusu. BCG ina vijidudu hai. Mtoto asiye na kinga vinamgeukia ugonjwa. (Jirani zako wasiikwepe, watoto wao inawaokoa.)

Akizaliwa, hospitali ya rufaa imfanyie kipimo kamili cha damu. Usikubali kuambiwa tu "damu iko sawa". Uliza limfositi, yaani chembe nyeupe za kinga, ni ngapi. Zikiwa chini ya 3,000 kwa maikrolita, apelekwe kwa daktari wa watoto siku hiyohiyo. Zikiwa juu, bado amwone, kwani seli za mama zilizoingia mwilini mwa mtoto huweza kuficha tatizo. Akihitaji kuongezwa damu, daktari ajue kwanza habari hii, maana damu ya kawaida huweza kumdhuru.

Akiwa msichana, fanya vivyo hivyo. Zipo aina zinazowapata hata wao.