Msumari haukamati pini, betri inapata moto

SWALI: Kuna wanaosema sumakuumeme ni msumari uliozungushiwa waya, wengine wanasema ni mawimbi ya redio. Maana yake hasa ni ipi? Halafu, nimezungusha waya wa shaba mara 80 kwenye msumari, nikaunga betri ya volti 1.5. Haukamati hata pini, ila betri inapata moto. Kosa liko wapi?

JIBU: Wote wako sahihi, maana chanzo ni kimoja. Umeme ukipita kwenye waya huzalisha uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, kuuzunguka. Hans Christian Ørsted alilibaini hilo mwaka 1820, sindano ya dira ilipoyumba karibu na waya. Mwaka 1831 Michael Faraday akaonyesha upande wa pili: sumaku ikisogea ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), umeme huzalishwa. Jenereta za kawaida zinategemea hilo. Na uga wa umeme na wa sumaku zikibadilika huku kila mmoja ukizaa mwenzake, hutokea wimbi linalokwenda kilometa 300,000 hivi kwa sekunde: redio, mwanga, eksirei. Sisi tunashauri sumakuumeme liwe jina la jambo zima. Kifaa chako kiite sumaku ya umeme.

Sasa msumari. Moto wa betri ni ushahidi mzuri: umeme unapita, tena mwingi, ila hauzunguki inavyotakiwa. Tunashuku kwanza waya mtupu. Mizunguko ikigusana shaba kwa shaba, umeme hukatisha toka mmoja hadi mwingine, au kupitia msumari wenyewe. Tumia waya wa kusukia mota, wenye vanishi (utando unaozuia umeme), unene wa milimita 0.5. Kwangua vanishi kwa msasa kwenye ncha mbili tu, sentimita 2 kila moja, hadi shaba ing'ae. (Ungekuwa na vanishi isiyokwanguliwa, betri ingebaki baridi.)

Kama waya unayo vanishi tayari, kagua mwelekeo. Mizunguko 40 ya kulia na 40 ya kushoto hufutana. Kurudi na tabaka la pili si kosa, mradi mkono uzungushe upande uleule.

Hata koili nzuri hupata moto: mita 2 za waya huo zina ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme) usiofika omu 0.2, kwa hiyo umeme mwingi hupita. Unga kwa sekunde 5, achia. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa. Pini zikiendelea kung'ang'ania baada ya kukata umeme, msumari wako ni wa chuma cha pua kigumu. Tafuta wa chuma laini.