Maswali kwa Fundi: Dari ya mbao chini ya bati

*Fundi, shikamoo. Naandika kutoka Bwiru, Mwanza. Marehemu mume wangu alijenga sebule yetu bila dari ya kulala. Mbao za paini zimepanda kwa mteremko zikifuata kenchi hadi kwenye kofia ya paa. Aliziranda mwenyewe na sitaki zifunikwe. Lakini saa nane mchana hapakaliki, joto linashuka kichwani kama pasi. Mvua ikinyesha hatusikilizani. Wadudu wa ziwani wakija, asubuhi nafagia beseni zima na madirisha nilifunga. Jirani anasema nijaze maganda ya mpunga juu ya mbao, mashineni yanatolewa bure. Mwingine anasema vipande vya godoro. Mimi na mwanangu wa miaka 22 tunaweza kushika nyundo. Tuanze wapi? Siku za mvua huwa naingiza jiko la mkaa sebuleni, sijui kama lina uhusiano. — Mama wa watoto watatu, Bwiru*

Marahaba, mama, na pole kwa msiba.

Naanza na hilo ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo linaloua. Jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mpaka leo mianya ya dari yako imekuwa ikiitoa nje kiasi bila wewe kujua. Siku utakayoziba, itabaki sebuleni na ninyi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari mmoja, jiko lihamie barazani na lisirudi ndani tena, hata mvua inyeshe vipi. Kama hilo haliwezekani nyumbani kwako, iache dari ilivyo.

Sasa tupande juu. Mbao zenye ulimi na mfereji huonekana zimefungana, lakini paini ikikauka hunywea. Chukua mbao 40 za mita 5 kila moja: hizo ni mita 200 za maungio. Kila ungio likiachia milimita moja tu, ukiyakusanya yote umepata tundu la sentimita 40 kwa 50. Ni dirisha dogo lisilo na wavu, liko wazi usiku na mchana, na taa ya sebuleni inawaita wadudu. Ongeza ule upenyo kati ya kichwa cha ukuta na bati pale kenchi zinapotokeza nje. Hapo ndipo upepo wa ziwani wa mchana unapoingilia, na kwa nyumba ya Bwiru inayotazama maji sishangai beseni lako kujaa.

Usiniamini kwa maneno. Ngoja alasiri upepo ukiwa umepanda, funga madirisha na milango, washa kijiti cha udi, mwanao apande ngazi akipitishe polepole kando ya ukuta, kwenye maungio na kuzunguka kila taa. Moshi ukinyooka, pamefungwa. Ukiyumba au kumezwa, weka alama ya chaki. Nyumba nyingi nilizopima hivi, alama zilijaa kwenye kichwa cha ukuta na kwenye taa za kuzamisha, zile zinazotobolewa tundu ndani ya dari, kuliko katikati ya dari.

Joto nalo lina njia yake. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua la mchana linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na paa ndilo linalolipokea. Bati likishapata moto hutoa mnururisho kuelekea chini, kama jiko linavyokuchoma uso hata upepo ukitoka upande mwingine. Mbao zinaupokea, zinapata moto, nazo zinawanururishia ninyi. Ndiyo maana feni haikusaidii sana. Kama bati lako ni la rangi ya damu ya mzee au kijani kibichi, lipake rangi nyeupe ya mabati kwanza. Ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote hapa, na mchana wa kwanza tu utaona tofauti.

Kisha tunaingia ndani, na hapa nikueleze kosa langu. Mwaka 2009, nyumbani kwangu Nyegezi, nilijaza sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto) juu ya mbao nikaisindilia hadi ikagusa bati. Niliona nimefanya kazi ya maana. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, umande unashika upande wa chini. Ule umande uliingia kwenye sufi. Vuli ilipokwisha mbao zilikuwa na madoa meusi, na nilipozibandua sufi ilikuwa imelala kama nguo iliyotoka kufuliwa. Nilitupa yote. Toka hapo nina kanuni moja ambayo siivunji kwa mteja yeyote: bati lipumue, dari ifungwe. Juu hewa ipite, chini isipite hata tone.

Pima kina cha kenchi zako. Nadhani mume wako alitumia mbao za mbili kwa sita, yaani milimita 150 au pungufu kidogo kama zilirandwa. Kina hicho tunakigawa. Anza kubandua mbao kutoka juu kushuka, taratibu, kwa mtaimbo mdogo na kipande cha plaiwudi chini yake ili usizichubue. Nyuma ya kila moja andika namba yake na upande wake kwa penseli. Nimeona dari nzuri ikirudishwa ovyo kwa sababu watu waliamini watakumbuka.

Pembeni mwa kila kenchi, milimita 25 chini ya papi (mbao zinazobeba bati), pigilia kipapi chembamba. Juu ya vipapi hivyo tandaza foili ya paa, ile ya alumini yenye nyuzi ndani isiyochanika kwa mkono, si ile ya kufungia samaki. Uso unaong'aa utazame chini. Watu hubishana nami hapa, wanataka ung'ae juu urudishe jua. Alumini safi hurudisha mnururisho vizuri, lakini pia ikipata moto yenyewe hutoa kama asilimia 5 tu ya ule ambao mbao au kitu cheusi kingetoa. Kwa hiyo ikitazama chini bado inafanya kazi, na vumbi halitui upande wa chini. Ikitazama juu, misimu michache ya vumbi la Mwanza huififisha. Sharti lake ni nafasi ya hewa: acha milimita 25 nyingine chini ya foili kabla ya sufi. Ikigusana na sufi, faida yake imekwenda.

Foili ivuke ukuta hadi karibu na fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa chini wa paa. Mwanao asimame nje kwenye ngazi aivute wewe ukiisukuma kutoka ndani. Umande wa bati utadondokea juu ya foili na kuteremka nje ya ukuta. Laiti ningelijua hilo 2009.

Sufi ije chini ya hapo, milimita 100. Ikate iwe pana kuliko nafasi kwa sentimita moja ili ijishike yenyewe, na usiikandamize, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Vaeni barakoa, glovu, mikono mirefu, na ujifunge kitenge kichwani, kwa maana inawasha. Na tambua kwamba sufi haizuii upepo. Ukibandua sufi ya zamani ukakuta michirizi myeusi, ni vumbi lililochujwa, na kila mchirizi unakuonyesha mwanya ulipokuwa.

Kinachozuia upepo ni tabaka linalofuata. Hapo nitakuomba ukubali jipsamu. Usishtuke, itajificha nyuma ya mbao zake na hakuna atakayeiona. Bodi za milimita 9 zipigwe skrubu kwenye kenchi, maungio yawekewe tepu na plasta yake, na kingo zote zinazokutana na ukuta zijazwe silikoni. Mita moja ya mraba ina kama kilo 7, kwa hiyo mkague kenchi kama zimeliwa na mchwa kabla hamjazitwisha. Jipsamu pia huchelewesha moto, na kwa uzito wake inapunguza kelele za mvua pamoja na ile sufi. Halafu mbao zirudi kwa namba zake, kwa misumari mirefu kidogo kuliko ya kwanza. Taa za kuzamisha achana nazo, weka za kubandika juu ya mbao, na tundu la waya lizibwe.

Nailoni chini ya sufi msiweke. Nchi za baridi huiweka kwa sababu nyumba inapashwa moto miezi mingi na mvuke wa ndani hukimbilia paa lililoganda. Kwetu Mwanza hakuna baridi hiyo. Nailoni itafungia unyevu uliokwishaingia.

Maganda ya mpunga kweli yanazuia joto, jirani yako hakosei. Ila kwenye mteremko yanaporomoka yote yanajikusanya chini, panya wanayapenda, yakilowa yanakaa na unyevu, na yakishika moto yanafukuta muda mrefu bila kuonekana. Vipande vya godoro ndivyo nakukataza kabisa. Vinawaka haraka na moshi wake ni sumu, na ninyi mtakuwa mmelala chini yake.

Umeme. Zima meini swichi kabla hamjagusa mbao ya kwanza, siyo swichi ya taa, na mhakikishe kwa testa. Foili ni chuma na pini ya stepla ni chuma. Mwaka 2009 na 2010 huko Australia, serikali ilipogharamia wananchi kuwekewa vizuia joto darini, vijana wanne walifariki wakiwa kazini: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Mwaka 2010 foili ikapigwa marufuku kwenye mpango ule. Nawataja kwa sababu nina wanafunzi wa umri huo, na wa kwako ana miaka 22. Nyaya zote zinazopita kwenye kenchi fundi umeme azikague na azipitishe kwenye bomba kabla ya foili. Na fanyeni kazi asubuhi, ikifika saa tano mshuke.

Kuhusu muda, chagueni Juni hadi Agosti. Masika imekwisha, vuli haijaanza. Kwa watu wawili sebule ya kawaida itawachukua wikendi nne au tano. Mwanzo na mwisho wa mteremko, kwenye fisha bodi na kwenye kofia, acheni njia ya hewa yenye wavu wa chuma wa matundu madogo. Wadudu wachache wa ziwani watapenya wakaingia juu ya foili. Waacheni, hawawezi kufika sebuleni.

*Fundi, habari za kazi. Niko Bukoba. Dari yetu ni ya mteremko pia, na popo wanaishi kati ya mbao na bati. Harufu imetushinda. Nataka nizibe matundu yote Jumamosi hii. — Msomaji, Bukoba*

Salama, ndugu yangu. Jumamosi hii usizibe. Ukiwafungia ndani watakufa huko, na harufu utakayoipata utaitamani hii ya sasa. Keti nje jioni moja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, uhesabu wanatokea wapi. Ziba matundu mengine yote kwa wavu, acha hilo moja. Juu yake tundika kipande cha wavu laini kinachoning'inia, wakitoka wakisukume, wakirudi wakose mlango. Baada ya usiku kadhaa bila hata mmoja kutoka, ziba. Ila ukisikia vilio vya watoto ndani, subiri wakue waruke, kwa kuwa mama zao watarudi kuwatafuta na watapenya hadi chumbani kwako.

Kinyesi chao usikifagie kikiwa kikavu, vumbi lake huweza kubeba kuvu (fangasi) wanaodhuru mapafu. Kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa inayobana, ukichote kikiwa kimelowa. Na kwa kuwa Bukoba mvua yenu ni nyingi kuliko ya Mwanza, wakati mbao zimebanduliwa kagua kila skrubu ya bati. Iliyolegea mpira, ibadilishe siku hiyo hiyo kabla hujarudisha ubao.