Kreatinini "ya kawaida" na maswali mengine ya figo

Mama ana miaka 70 na kilo 45. Kreatinini yake 1.2, karatasi ya maabara imeandikwa "kawaida". Mbona daktari kampunguzia dozi? – Igoma

Kwa sababu anajua kazi yake, mshukuruni. Kreatinini ni taka ya damu inayochujwa na figo; hutoka kwenye misuli, na bibi wa kilo 45 misuli hana. Chukua kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, kongwe lakini dozi nyingi bado hupangwa kwayo: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, mwanamke, zidisha tena kwa 0.85. Jibu ni mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika. Mama anapata kama 31. Sasa mchukue mbeba magunia wa pale Mwaloni Kirumba, miaka 25, kilo 75, kreatinini hiyohiyo 1.2: anapata karibu 100. Na wote wawili wameandikiwa "kawaida"! Neno hilo lingefutwa kwenye karatasi za kreatinini ningelala vizuri. Anayeandika dawa za figo dhaifu bila kumpandisha mgonjwa kwenye mzani anabahatisha.

Hukuuliza, lakini nakwambia: kama mama ananunua diklofenaki za maumivu ya magoti duka la dawa, aziache leo, zinaumiza figo.

Kreatinini yangu ni 106, ya jirani ni 1.2. Ndio nakufa? – Mkolani

Swali hili tena! Someni kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba: yako ni mikromoli kwa lita, yake miligramu kwa desilita. Gawanya 106 kwa 88.4, utapata 1.2 ya jirani yako.

Maabara mbili, damu ya siku moja, kreatinini sawa. Moja imeniandikia eGFR 58, nyingine 70. Nani mwongo? – Buswelu

Mashine zote zimesema kweli, tofauti iko kwenye fomula inayogeuza kreatinini kuwa eGFR, yaani makadirio ya figo zinavyochuja damu. Ile ya MDRD ina kizidisho cha 1.21 kwa mtu mweusi. Piga 58 mara 1.21 uone: 70. Kizidisho hicho kilitokana na Wamarekani weusi, Msukuma wala Mkerewe hakuwemo, na huko kwao wenyewe fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021 imeshaacha habari za rangi. Huku kwetu bado kuna kompyuta zinazowaongezea watu figo wasizokuwa nazo.

Wala si maneno yangu tu. Watafiti walipima figo za watu Uganda, Malawi na Afrika Kusini kwa ioheksoli, dawa inayochomwa kwenye mshipa halafu ikafuatiliwa inavyopungua kwenye damu. Fomula za kreatinini zilionekana kuzipandisha figo juu ya uwezo wake, na kizidisho cha rangi kilizidi kuharibu hesabu. Kwa hiyo shika 58. Usilie bado: ugonjwa sugu hautangazwi kwa kipimo kimoja. Rudia, na ikibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu, hapo tuna la kuzungumza. Njiani pima protini kwenye mkojo, kipimo rahisi ambacho sijui kwa nini watu wanakiruka.

Kukusanya mkojo saa 24 si ndio sahihi zaidi? – Sengerema

Ukikusanya wote. Wengi humwaga wa usiku, au hutia koponi ule wa kwanza wa asubuhi ya kuanzia, ambao hutakiwa kumwagwa. Hata ukipatia, jibu hupanda kidogo kuliko ukweli, maana figo huchuja kreatinini na nyingine huitoa kwa njia ya pembeni.

Nimeambiwa nipime sistatini C. Ni biashara tu? – Nansio

Hapana. Ni protini ya damu inayopimwa kukadiria figo kama kreatinini, ila haitegemei sana misuli, hivyo inamfaa mtu aliyekonda, aliyekatwa mguu, au mnyanyua vyuma. Ila steroidi, sigara na matatizo ya tezi la shingo huivuruga, na bei yake inauma. Kama kreatinini na hali yako vinakubaliana, pesa hiyo kanunulie sato.

Ultrasaundi imeonyesha figo zangu nzuri. Damu ya nini tena? – Kirumba

Ultrasaundi inaona umbo. Kapime damu, na mkojo pia.